Akiba haiozi? Kagua ghala lako kwanza

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Ni methali ya busara, nami siipingi. Lakini daktari anayetibu watu hapa Machakos ana sababu ya kuisikia kwa tahadhari, kwa kuwa katika sehemu hizi za Ukambani akiba imewahi kuoza, tena ikaua watu.

Juma hili tutazungumzia nyumba yenye mpango: jinsi ya kuweka akiba ya chakula, maji, moto, dawa na pesa bila kuyakaribisha maradhi. Mengi ya mambo haya hayahitaji mshahara mkubwa. Yanahitaji mazoea, na kujua ni wapi kubana matumizi kunafaa na ni wapi kunadhuru.

Gunia la mahindi

Wakazi wengi wa mijini, wawe wa Machakos, Mlolongo au Nairobi, huletewa mahindi kutoka mashambani baada ya mavuno, au huyanunua kwa gunia bei inapokuwa chini. Hilo ni jambo jema. Fanya hesabu kidogo: jamaa inayotumia kilo moja na nusu kwa siku humaliza gunia la kilo 90 kwa siku 60. Magunia mawili basi ni akiba ya miezi minne. Kabla ya kununua, jiulize kama una mahali pa kuyaweka yakiwa makavu kwa muda wote huo. Kama huna, nunua gunia moja tu, au nunua kwa debe.

Sababu yake ni hii. Mwaka 1981, katika wilaya ya Machakos ya wakati huo, ambayo ilijumuisha Makueni ya leo, watu 20 walilazwa hospitalini wakiwa na ugonjwa wa ini, na 12 kati yao wakafariki. Mahindi waliyokuwa wakila yalikuwa na sumu. Mwaka 2004 balaa hiyo ilirudi kwa ukali zaidi, hasa Makueni na Kitui, lakini pia Machakos na Thika. Wagonjwa 317 walihesabiwa, na 125 walifariki. Uchunguzi uliofanywa ulionyesha kwamba waliokuwa katika hatari kubwa ni wale waliohifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba zao.

Sumu hiyo huitwa aflatoksini, au sumukuvu. Hutolewa na kuvu anayeota juu ya nafaka na njugu zilizopata unyevu na joto. Mtu akila nyingi kwa muda mfupi, ini huharibika: hutapika, tumbo huuma na kujaa, miguu huvimba, na macho hugeuka manjano. Akila kidogo kidogo kwa miaka mingi, hujiweka katika hatari ya saratani ya ini, hasa kama pia ana virusi vya homa ya ini aina ya B. Ndiyo maana chanjo ya mtoto, ambayo ndani yake mna kinga ya homa hiyo, isiahirishwe.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba sumu hii haiondolewi kwa kupika. Unaweza kuchemsha githeri kutwa nzima, au kusonga ugali ukaiva kabisa, na sumu ikabaki. Kukoboa mahindi kwa ajili ya muthokoi huipunguza, kwa sababu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini, lakini hakuimalizi. Wala usidhani utaokoa hasara kwa kumpa ng'ombe mahindi yaliyoota kuvu. Sehemu ya sumu hupitia katika maziwa, na maziwa hayo hurudi mezani kwa watoto wako.

Basi fanya hivi. Kwanza, pima ukavu kabla ya kuyapokea mahindi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi hadi robo yake, ongeza vijiko vitatu vya chumvi kavu, funga, kisha tikisa kwa nguvu kwa dakika moja. Iache itulie kwa robo saa. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi bado yana unyevu na yanapaswa kuanikwa tena, juu ya turubai na si juu ya udongo. Chumvi ikianguka yote chini, yanafaa kuhifadhiwa. Lakini elewa vyema: kipimo hiki huonyesha unyevu, hakionyeshi sumu. Mahindi yaliyoota kuvu kisha yakaanikwa yatafaulu mtihani huu, na bado yatakuwa hatari. Kwa hivyo chambua pia. Punje zilizovunjika, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye harufu ya uvundo, zitoe.

Pili, weka gunia juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta, mahali pasipovuja na penye hewa. Chini ya kitanda au kando ya mapipa ya maji si mahali pa chakula. Mifuko ya kisasa isiyopitisha hewa huua wadudu bila dawa na ni msaada mkubwa, lakini ukitia humo mahindi yenye unyevu utakuwa umelifungia kuvu mahali linapopapenda. Tatu, saga unga wa wiki moja au mbili tu kwa mara moja.

Gunia likiwa limeharibika, je? Najua uchungu wa kutupa chakula katika sehemu ambayo mvua hukosa kunyesha mara kwa mara. Mzazi aliyetumia pesa zake zote kununua gunia hilo huona ni afadhali kulila kuliko kulala njaa. Lakini ini likishaharibika hakuna dawa ya kuliondolea sumu hiyo. Liteketezwe au lizikwe, wala lisiuzwe kwa mwingine. Na mkiona watu wawili au watatu nyumbani wamegeuka macho manjano kwa pamoja, nendeni hospitali siku hiyo hiyo, na mbebe kiasi kidogo cha mahindi mliyokuwa mkila.

Maji ya siku tatu

Mjini Machakos, anayetegemea mfereji tu anajua kwamba mfereji una siku zake. Weka akiba ya siku tatu. Watu watano, kila mmoja akihesabiwa lita tatu za kunywa kwa siku, wanahitaji lita 45. Jerikeni tatu za lita 20 zitatosha, na kubaki kidogo kwa kupikia.

Chagua jerikeni yenye mdomo mwembamba na kifuniko, kwa maana ndoo iliyo wazi huchotewa kwa mikono ya kila mtu. Kamwe usitumie jerikeni iliyowahi kuwa na dawa ya kunyunyizia mimea, hata ukiisugua vipi. Wenye matangi, acha mvua ya kwanza ioshe paa na imwagike nje kabla ya kuelekeza maji ndani.

Maji yakiwa na tope, yachuje kwa kitambaa safi. Kisha yachemshe hadi yabubujike kwa dakika moja, au tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na kungoja nusu saa. Klorini hukugharimu kidogo kuliko makaa. Kipindupindu huja na kwenda katika miji yetu, nacho hakiulizi mtu anaishi mtaa gani.

Jiko na mafuta taa

Mwenye kutaka kupunguza gharama ya makaa au gesi aanzie kwenye maharagwe. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha pika kwa maji mapya na sufuria ikiwa imefunikwa. Yataiva kwa muda mfupi zaidi. Pika ya siku mbili kwa pamoja ikiwa una jokofu. Kama huna, pika yanayotosha siku moja, na kiporo kipashwe moto hadi kichemke.

Lakini kuna uokoaji mmoja wa moto ambao umeangamiza jamaa nzima. Miezi ya Juni hadi Agosti hapa kwetu huwa baridi, na wengi huingiza jiko la makaa chumbani, wakafunga madirisha na kulala. Makaa yanayowaka hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, iitwayo kaboni monoksidi, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Mtu huumwa na kichwa, hulegea, kisha haamki. Makaa yasiyotoa moshi si salama kwa sababu hiyo. Jiko litoke nje kabla ya watu kulala, hata kama limebaki na majivu mekundu tu. Blanketi moja zaidi ni bei nafuu kuliko jeneza.

Mafuta taa nayo yasitiwe katika chupa ya soda. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma, anajua chupa. Akinywa, usimtapishe wala usimlazimishe maziwa, kwa sababu akitapika mafuta huingia kwenye mapafu na hapo ndipo hatari ilipo. Mpeleke hospitali pamoja na chupa yenyewe. Akiungua kwa moto au uji, mwagia mahali palipoungua maji baridi ya mfereji kwa dakika 20. Dawa ya meno, unga, mafuta na mayai ya kuku visikaribie kidonda hicho.

Kisanduku cha dawa

Chukua kisanduku chenye kifuniko, ukiweke juu ambako mtoto hafiki. Ndani yake weka bandeji, pamba, plasta, sabuni, glavu, kipima joto, paracetamol, na pakiti za chumvi za kuongeza maji mwilini pamoja na vidonge vya zinki. Kila miezi mitatu soma tarehe za mwisho.

Kwa kuharisha, soma pakiti uone inahitaji nusu lita au lita moja ya maji, kwani zote mbili zipo madukani. Ukikosa pakiti, tia katika lita moja ya maji safi vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa bapa, si vya kufurika. Chumvi ikizidi hudhuru. Mpe mtoto kidogo kidogo, na anayenyonya aendelee kunyonya. Akiwa na macho yaliyobonyea, akishindwa kunywa, au kinyesi kikiwa na damu, usingoje kesho.

Kitu kimoja kisiwemo kisanduku humo: mabaki ya dawa za kuua bakteria. Wengi huacha kumeza dawa wanapopata nafuu ili zilizobaki ziwe akiba ya mgonjwa mwingine. Huo ni ubahili unaoadhibu mara mbili. Wa kwanza hakutibiwa kikamilifu, na wa pili anapewa dozi pungufu ya dawa ambayo pengine si yake, huku vijidudu vikijifunza kuishi nayo. Hali kadhalika, usimeze dawa za malaria kabla ya kupimwa. Si kila homa ni malaria.

Bahasha na kibubu

Mgonjwa hufika hospitali usiku wa manane, na jamaa zake hawana hata kitambulisho chake. Weka bahasha moja inayojulikana na kila mtu mzima nyumbani. Itiwe nakala za vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, vijitabu vya kliniki vya watoto, na orodha fupi: nani ana pumu, kisukari au shinikizo la damu, anameza dawa gani, na ni dawa gani humdhuru. Andika pia nambari ya simu ya jirani mwenye gari au ya dereva wa teksi unayemwamini. Nambari za dharura za taifa ni 999 na 112.

Kuhusu bima, wale waliokuwa wakilipa NHIF wakumbuke kwamba tangu Oktoba 2024 nafasi yake ilichukuliwa na SHA. Hakikisha umejiandikisha wewe na wanao, na malipo yako hayajakatika. Kujiandikisha huku mgonjwa yuko kitandani ni kutafuta mwavuli mvua ikishanyesha. Kando ya bima, weka kibubu, au akiba ndogo kwenye simu, isiyoguswa kwa jambo lolote ila safari ya hospitali. Haba na haba hujaza kibaba, na nauli ya usiku ni kibaba kidogo.

Msomaji, usijaribu kuyafanya haya yote kwa siku moja. Jumamosi hii fungua gunia, lichambue na ulipime kwa chumvi. Jumamosi ijayo osha jerikeni na uhamishe mafuta taa kutoka kwenye chupa ya soda. Ya tatu panga kisanduku, ya nne bahasha. Kwa mwezi mmoja utakuwa umemaliza, na gharama yake itakuwa chupa ya kioo, vijiko vitatu vya chumvi na asubuhi nne za kazi.