Mkono Ukiumia, Vitazame Vidole

Mtoto wa miaka sita ameanguka kutoka mwembeni. Alinyoosha mkono ajikinge, na uzito wote wa mwili ukatua juu ya kiganja. Sasa amekaa barazani, kiwiko kimevimba, analia. Jirani mwenye nia njema amekwisha kuleta vipande viwili vya ubao na kitambaa, ameufunga mkono na kukaza kwa nguvu ili mfupa usicheze. Baada ya muda mtoto ananyamaza. Bibi yake anasema, "Amepata nafuu, mwacheni alale."

Huo ndio wakati wa kumwamsha na kumtazama vidole. Vikiwa na joto na rangi yake ya kawaida, vikiguswa anasikia, na akiambiwa avichezeshe anavichezesha, basi mnaweza kumpeleka hospitali bila kuhangaika. Vikiwa vimepauka au vina ubaridi, vikifa ganzi, au mtoto akipiga ukelele pale unapojaribu kuvinyoosha, kitambaa kile kilegezwe sasa hivi, kabla hata hamjatafuta usafiri.

Ushauri huu unatokana na namna mkono ulivyoumbwa. Mfupa, msuli, kano, neva na mshipa wa damu, vyote vinaanzia juu na safari yao inaishia vidoleni. Kilichoharibika begani au kiwikoni, habari yake huonekana kwenye ncha za vidole. Anayeijua njia hiyo anaweza kuuokoa mkono wa mtoto wake, hata kama hajawahi kuingia darasa la udaktari.

Onyesha panapouma

Kiswahili kina neno moja, mkono, kuanzia begani hadi kwenye kucha. Ukimwambia mganga "mkono unaniuma", bado hajajua aanzie wapi. Tugawe basi. Juu kabisa kuna bega, na chini yake kwapa. Kutoka bega hadi kiwiko ni mkono wa juu. Kutoka kiwiko kushuka ni kigasha. Kisha kuna kifundo, pale inapovaliwa saa, halafu kiganja, halafu vidole vitano: gumba, cha shahada, cha kati, cha pete na cha mwisho.

Hata hapo maneno huwapoteza watu. Kiwiko kwa wengi ni pale mkono unapojikunja katikati, pengine huitwa kisugudi, lakini wapo wanaoliita hivyo eneo la kifundo. Kwa hiyo ukifika zahanati usitegemee neno peke yake. Onyesha kwa kidole kimoja mahali penyewe panapouma, na useme ulivyoanguka.

Mifupa 32 kila upande

Kila mkono una mifupa 32, kwa hiyo mikono miwili ina 64 kati ya mifupa 206 ya mtu mzima. Miwili iko begani: mtulinga, ule unaoupapasa chini ya shingo, na kombe la bega lililolala mgongoni. Mmoja uko mkono wa juu, miwili kigashani, minane midogo kwenye kifundo, mitano kiganjani na 14 vidoleni. Gumba lina vipingili viwili, vidole vingine vina vitatu vitatu.

Bega limejengwa ili mkono ufike kila upande. Kichwa cha mfupa wa mkono wa juu ni mviringo mkubwa uliokaa kwenye kidimbwi kifupi, mfano wa chungwa juu ya kisosi. Misuli na kano ndizo zinazolishikilia chungwa lisianguke. Uhuru huo una gharama yake, kwani bega huteguka kwa urahisi, na mara nyingi kichwa cha mfupa huchomoka kwa mbele. Likichomoka, usikubali mtu alivute uani. Neva na mshipa mkuu wa damu vinapita kwapani, karibu kabisa na kiungo hicho, na huenda mfupa nao umevunjika. Kwanza upigwe picha.

Kigashani kuna mifupa miwili, mmoja upande wa gumba na mwingine upande wa kidole cha mwisho. Weka kigasha mezani, kiganja kikitazama juu, kisha kigeuze kitazame chini. Kiwiko kimebaki pale pale. Kilichotokea ni kwamba mfupa wa upande wa gumba umeuzunguka mwenzake. Karibu na kiwiko, mfupa huo unaozunguka umeshikwa na kano iliyo kama pete. Kwa watoto walio chini ya miaka mitano pete hiyo bado ni legevu. Ukimnyanyua mtoto kwa kumvuta mkono mmoja, au ukimbembeza kwa viganja kumchekesha, kichwa cha mfupa huweza kuteleza kutoka ndani ya pete. Mtoto huacha kuutumia mkono, huuning'iniza ubavuni, na mara nyingi hakuna uvimbe wowote. Mhudumu aliyefunzwa huurudisha kwa muda mfupi. Bora zaidi ni kuzuia: mnyanyue mtoto kwa kumshika chini ya makwapa.

Kwenye kifundo, anayeanguka na kutanguliza kiganja huweza kuvunja moja ya sehemu mbili. Mtu mzima wa makamo na kuendelea, hasa mwanamke ambaye mifupa yake imepungua uimara, mara nyingi huvunja mwisho wa mfupa wa upande wa gumba. Daktari Abraham Colles wa Dublin ndiye aliyeyaeleza mavunjiko hayo mwaka 1814, na hadi leo yanaitwa kwa jina lake. Kijana huweza kuvunja kimfupa kidogo kilicho chini ya gumba. Nyoosha gumba lako kwa nguvu, utaona kishimo kati ya kano mbili. Kimfupa hicho kimo humo. Ukibonyeza kishimo hicho baada ya kuanguka na pakauma sana, usiridhike kwa sababu picha ya kwanza haikuonyesha ufa. Ufa huu hujificha, na ndiyo maana hospitali huufunga mkono na kumwita mgonjwa tena baada ya siku 10 hadi 14 apigwe picha nyingine. Damu ya kimfupa hicho huingilia upande mmoja, hivyo kikivunjika katikati na kuachwa, kipande kimoja kinaweza kufa.

Nguvu ya vidole iko kigashani

Shika kigasha chako kwa mkono wa pili, kisha chezesha vidole. Nyama inayotikisika chini ya kiganja chako ndiyo inayovikunja. Ndani ya vidole vyenyewe hakuna msuli wa kuvikunja wala kuvinyoosha. Kazi hiyo hufanywa na misuli ya kigasha, ikisaidiwa na misuli midogo ya kiganja, na nguvu hupitishwa na kano ndefu zinazoteleza kama kamba kwenye pulei.

Ndiyo maana kidonda kidogo juu ya kifundo hakipaswi kudharauliwa. Chupa iliyopasuka au kisu cha jikoni huacha tundu la sentimita moja tu na kumbe kano imekatika chini yake. Kuanzia kidole cha shahada hadi cha mwisho, kila kimoja kina kano mbili za kukikunja: moja hukunja kiungo cha katikati, nyingine hufika hadi kwenye ncha. Kwa hiyo usiulize tu kama kidole kinakunjika. Kishike pale katikati kisisogee, mwambie mgonjwa akunje ncha peke yake. Ncha ikikataa, jeraha hilo si la kushonwa ngozi na kurudi nyumbani. Linahitaji daktari wa upasuaji, na mapema.

Neva tatu na mchezo wa mkono

Neva za mkono huanzia shingoni. Mizizi mitano hutoka kwenye uti wa mgongo, minne shingoni na mmoja mwanzoni mwa kifua, husukana nyuma ya mtulinga, hupita kwapani, kisha hugawanyika. Dereva wa bodaboda anaporushwa, kichwa kikaenda huku na bega likasukumwa kule, mizizi hiyo huvutika au hung'oka. Mtu huyo anaweza kuwa na mkono uliolegea kabisa wakati mifupa yote ni mizima. Mkono wa namna hiyo usikandwe kwa maji ya moto kwa wiki kadhaa mkisubiri upone. Apelekwe kwa mtaalamu wa neva au wa mifupa bila kuchelewa.

Neva tatu hufika kiganjani, nazo unaweza kuzipima hata kwa mtoto, kwa mchezo. Mwambie akunje ngumi, kisha aunganishe ncha za gumba na kidole cha shahada kama duara: hiyo ni neva ya katikati. Afungue kiganja, ainue kifundo na kusimamisha gumba: hiyo ni neva inayozunguka nyuma ya mfupa wa mkono wa juu. Atanue vidole vyote viachane: hiyo ni neva inayopita nyuma ya kiwiko. Kisha mguse polepole kwenye ncha ya kidole cha shahada, mgongoni mwa mkono kati ya gumba na kidole cha shahada, na kwenye ncha ya kidole cha mwisho. Sehemu tatu, neva tatu.

Kila neva ina mahali pake pa hatari. Ukigonga kiwiko na mshtuko ukakimbia kama umeme hadi kidole cha mwisho, umeigonga neva inayopita pale chini ya ngozi. Neva hiyo hiyo hushambuliwa na ukoma, ugonjwa ambao bado upo katika nchi zetu. Kidole cha mwisho na cha pete vikianza kufa ganzi au kujikunja, hasa mwilini kukiwa na baka lisilohisi mguso, nenda kituo cha afya. Ukoma unatibika kwa dawa mseto, na dawa hizo hutolewa bure. Nayo neva ya katikati hupita kwenye njia nyembamba ndani ya kifundo. Fundi cherehani, mama mjamzito au mgonjwa wa kisukari anayeamshwa usiku na ganzi ya gumba, kidole cha shahada na cha kati, mara nyingi neva hii ndiyo imebanwa.

Damu na saa zinazokwenda

Mshipa mkuu wa damu hushuka upande wa ndani wa mkono wa juu, hupita mbele ya kiwiko, pale muuguzi anapoweka kipimo anapotafuta shinikizo la damu, kisha hugawanyika njia mbili za kigasha. Mmoja utausikia ukipiga kwenye kifundo, chini ya gumba.

Sasa turudi kwa mtoto wa mwembeni. Watoto wanaoanguka hivi mara nyingi huvunjika mfupa wa mkono wa juu, mara tu juu ya kiwiko. Ncha kali ya mfupa huo iko jirani na mshipa mkuu. Pamoja na hayo, misuli ya kigasha imefungwa ndani ya utando mgumu usiotanuka. Uvimbe ukiongezeka ndani, na kitambaa kikikaza kwa nje, damu hukosa pa kupita. Misuli ikikosa damu kwa muda wa saa sita hivi, huanza kufa, kisha hugeuka makovu yanayovikunja vidole maisha yote. Daktari wa Ujerumani Richard von Volkmann alieleza ulemavu huo mwaka 1881, akautaja pia ubaya wa bandeji iliyokaza.

Na ndiyo sababu ukimya wa mtoto usituridhishe. Mwanzoni maumivu huwa makali kupita kiasi cha jeraha, na huzidi vidole vinaponyooshwa. Neva ikizidi kukosa damu, huacha kupeleka habari. Kunyamaza kwake kunaweza kuwa dalili mbaya kuliko kilio.

La kufanya, kwa mpangilio

1. Vua pete, bangili na saa mara moja, kabla uvimbe haujazidi.

2. Kama kuna kidonda, kifunike kwa kitambaa safi na ukandamize damu isitoke. Mfupa uliojitokeza usisukumwe ndani.

3. Usivute, usinyooshe, usikande, usipake moto. Mkono ubaki ulivyoukuta.

4. Uegemeze. Khanga iliyokunjwa pembe tatu na kufungwa shingoni inatosha. Ukitumia mabanzi, yavuke kiungo cha juu na cha chini ya palipovunjika, yawekewe kitambaa laini, na kidole chako kiweze kupita chini ya fundo.

5. Acha vidole wazi. Bonyeza ukucha kwa sekunde tano kisha uachie: rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Uliza kama anasikia, mwambie avichezeshe. Rudia kila baada ya dakika chache njiani.

6. Asile wala asinywe mpaka aonwe, kwa maana huenda akahitaji upasuaji.

Akirudi nyumbani na plasta ngumu, ile ambayo wengi huiita hogo, mkono uwekwe juu ya mto kwa siku mbili za kwanza na vidole vichezeshwe mara kwa mara. Asichomeke kijiti ndani kujikuna. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, au vidole vikivimba, vikipauka, vikipoa au vikifa ganzi, arudi hospitali usiku huo huo. Asingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.

Kwa wanaopendelea kuanzia kwa mganga wa viungo wa kijijini, ombi langu ni moja. Mwombeni naye aviache vidole wazi, na aliyekaa na mgonjwa awe na ruhusa ya kulegeza kitambaa. Kisha usiku, mtoto akiwa amelala kimya, mwamshe kwa upole, mguse kidole cha mwisho na umuulize: "Mwanangu, hapa nikikugusa unasikia?"