Watani na Mashemeji: Istilahi za Ujamaa katika Ushindani wa Mashabiki wa Kandanda

Utangulizi

Lugha ya kandanda imesheheni msamiati wa vita. Timu hushambulia, hulipiza kisasi, hata huzika wapinzani wake. Hata hivyo, mapambano mawili yanayovuta hisia kali mno katika Afrika Mashariki yamepewa majina ya ujamaa. Nchini Tanzania, Simba na Yanga ni watani wa jadi. Nchini Kenya, mchuano wa Gor Mahia na AFC Leopards ni debi ya Mashemeji. Makala haya yanadai kwamba majina hayo si mapambo ya watangazaji. Yanabeba kanuni za matumizi ya lugha, na kanuni hizo zinapokiukwa, kejeli hugeuka kuwa uhasama.

Utani: Haki na Wajibu

Katika jamii nyingi za Tanzania, utani ni uhusiano rasmi unaoruhusu watu wa makabila au koo mbili kukejeliana bila kukasirikiana. Uhusiano wa Wazaramo na Wanyamwezi ni mfano mashuhuri. Mtani anaweza kufanya mzaha hata matangani, lakini msiba huohuo humtaka asaidie kazi. Haki ya kukejeli, basi, huambatana na wajibu.

Yanga iliasisiwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, zote jijini Dar es Salaam. Mashabiki wa Simba huwaita wenzao vyura, kwa kuwa eneo la Jangwani, yaliko makao ya Yanga, hufurika maji wakati wa mvua. Wa Yanga nao huwajibu kwa kuwaita mikia. Kiisimu, lakabu hizi ni sitiari zinazolingana: zote mbili hushusha hadhi, na kila moja ina jibu lake. Vivyo hivyo kwa ishara. Tarehe 6 Mei 2012 Simba iliishinda Yanga 5-0. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga ikashinda 5-1. Vidole vitano vilivyonyoshwa na upande mmoja vikaja kunyoshwa na upande wa pili. Mtani wa kweli hujua kwamba zamu yake itafika.

Ushemeji: Kwa Nini Si Ukwe?

AFC Leopards ilianzishwa mwaka 1964 kwa jina Abaluhya, na Gor Mahia, iliyopewa jina la mganga mashuhuri wa Waluo, mwaka 1968. Waluhya na Waluo ni majirani magharibi mwa Kenya, na wameoana kwa vizazi vingi. Jina la debi linatokana na ukweli huo.

Uteuzi wa neno unastahili kuzingatiwa. Kiswahili kina mkwe na pia shemeji. Mkwe, hasa mzazi wa mume au mke, hustahiwa. Mbele yake maneno hupimwa. Shemeji aghalabu ni wa rika moja na msemaji, naye hutaniwa kwa uhuru. Aidha, neno hili hutumika pande zote mbili: anayeitwa shemeji hujibu kwa neno lilelile. Kwa hiyo jina Mashemeji huruhusu mzaha, huku likikumbusha kwamba baada ya kipenga cha mwisho kuna watoto wanaoita upande mmoja kwa baba na mwingine kwa mama.

Mipaka na Ukiukaji

Jina peke yake halizuii fujo. Mwezi Machi 2012, katika uwanja wa Nyayo jijini Nairobi, debi ya Mashemeji ilisimama kwa muda baada ya mashabiki kuzua ghasia na kung'oa viti kufuatia kadi nyekundu. Kiti kilichorushwa hakina jibu la maneno. Hapo utani umekwisha.

Hatari nyingine ni kejeli inapoacha matokeo ya mchezo na kulenga kabila. Nchini Kenya jambo hili ni zito, kwa kumbukumbu ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa mwaka 2007. Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inaharamisha matamshi ya chuki ya kikabila, nayo haibagui jukwaa la siasa na jukwaa la uwanjani. Kufungwa mabao kunaweza kulipizwa msimu ujao, ilhali kabila la mtu halina mchezo wa marudiano.

Hitimisho

Imebainika kwamba utani wa mashabiki unasimama juu ya mafiga matatu: kila upande uwe na nafasi ya kujibu, kejeli ilenge mchezo, si nasaba, na uhusiano udumu baada ya mchezo. Figa moja likiondolewa, chungu humwagika. Wanafunzi wa isimujamii wanahimizwa kukusanya lakabu na tambo za viwanjani kwa kuzingatia nani anamwambia nani, na anajibiwaje. Neno lilelile linaweza kuwa mzaha kinywani mwa shemeji na tusi kinywani mwa mgeni.