Pima Moyo Wako kwa Ngazi ya Baraza

Huhitaji sindano wala mashine kujua moyo wako unafanyaje kazi ukiwa kwenye shughuli. Tafuta ngazi ya baraza yenye kimo cha sentimita 30 hivi na simu yenye saa. Gharama hakuna.

Nianzie wapi? Anza asubuhi ukiwa umetulia, kabla ya kahawa, maana kahawa huongeza mapigo. Homa nayo huongeza, kwa hiyo mwenye malaria asubiri apone. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa gumba. Gumba lenyewe usilitumie, lina mapigo yake litakuchanganya. Hesabu kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4.

Mtu mzima aliyepumzika huwa na mapigo 60 hadi 100 kwa dakika. Kijana anayefanya mazoezi mfululizo pale Uwanja wa Lake Tanganyika, Kigoma, anaweza kuwa na 50, hata chini kidogo, na akawa mzima kabisa: moyo uliozoea kazi husukuma damu nyingi kwa pigo moja. Mbeba magunia wa mwalo wa Kibirizi naye anaweza kuwa hivyo hivyo, japo hajawahi kuvaa jezi.

Sasa panda na kushuka ngazi kwa dakika 3, mwendo ule ule, bila kukimbia. Ukimaliza, hesabu papo hapo. Kaa dakika 1, hesabu tena. Namba ya kwanza ikiwa 132 na ya pili 104, mapigo yameshuka kwa 28, na hiyo ni dalili njema. Mimi hutazama tofauti hiyo kuliko kitu kingine. Ikiwa 12 au pungufu, rudia siku nyingine. Ikijirudia, muone daktari.

Mwenye ugonjwa wa moyo, mjamzito, au aliyewahi kuzimia akicheza asijipime peke yake. Kifua kikibana au kizunguzungu kikianza, acha mara moja uende hospitali.

Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni, hapo Kigoma mjini, ndiyo ya kuanzia. Daktari anaweza kukuandikia ECG, kipimo cha umeme wa moyo, au eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Vyote havichomi. Uliza bei dirishani kwanza, na kama bima yako inalipia. Ikibidi kupimwa ukitembea kwenye mashine, rufaa inaweza kuelekea Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Nenda na namba zako umeziandika, pamoja na tarehe.