Mradi Umeisha, Usiwaache Watu Wakingoja

Wadogo zangu, wiki hii nina barua ya kijana anayeongoza timu ya watengeneza programu. Nusu yao wanaishi makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, upande wa Base Camp, na nusu wako Mbarara mjini. Ameandika hivi:

"Dada, nakusalimu. Mwezi uliopita tulimkabidhi mteja mfumo wa duka lake la dawa. Mradi mwingine tumeahidiwa ila haujasainiwa. Vijana wanafika asubuhi, wanafungua laptopu, wanatazama video mpaka jioni. Nasikia wawili wanatafuta kazi kwingine kwa siri. Nikiwabunia kazi wanaona nawasumbua, nikiwaacha wanazidi kupoa. Nifanyeje?"

Mdogo wangu, umefanya vizuri kuuliza kabla hawajaondoka. Video si tatizo lako wala lao. Kinachowasumbua ni kwamba hakuna aliyewaambia wanangoja nini na mpaka lini. Kipindi cha kati ya mradi na mradi ni kazi kama kazi nyingine: kinapangwa, kinalipiwa, na kinahitaji mtu wa kukiongoza. Mtu huyo ni wewe.

Nawe una vijana Nakivale, mahali ambapo kungoja kuna uzito wake. Makazi haya yapo tangu 1958, na ndani yake kuna watu wanaongoja kadi ya ukimbizi, wengine wanangoja mahojiano ya kwenda nchi ya tatu, miaka inapita. Tangu 2023 Mpango wa Chakula Duniani (WFP) ulipoanza kuzigawa kaya kwa makundi ya uhitaji, nyumba nyingi zimepunguziwa posho ya chakula na nyingine zimeondolewa kabisa. Mwaka 2025 makato yakaongezeka. Kijana wako anapokaa ofisini bila kujua mshahara wa mwezi ujao, anawaza unga na mafuta ya nyumba nzima. Usimwongezee kungoja kwingine kusikokuwa na tarehe.

Kwa hiyo anza na ukweli. Jumatatu kaa nao wote pamoja, wa Mbarara na wa Nakivale, uwaambie mambo matatu: fedha zilizopo zinatosha mpaka tarehe gani, mradi ulioahidiwa umefika hatua gani, na siku ipi utarudi kwao na jibu hata kama jibu ni baya. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mwisho wa mwezi ukiwafikia bila neno lako, watakuwa wameshajijibu wenyewe.

Ugumu huu huyapata hata makampuni makubwa. Andela, iliyoanzia Lagos mwaka 2014 na baadaye ikafungua ofisi Kampala, ilikuwa ikiwafundisha vijana programu na kuwaunganisha na wateja wa nje. Septemba 2019 ilitangaza kupunguza wahandisi wachanga wapatao 400 katika nchi zake za Afrika, Uganda ikiwamo, kwa sababu wateja walitaka wenye uzoefu. Vijana wenye uwezo walikosa miradi ya kupangiwa. Jifunze hapo: uzoefu wa mdogo katika timu unajengwa mapema, na kipindi cha utulivu ndicho nafasi yako ya kuujenga.

Sasa tuzungumze fedha, maana bila fedha haya mengine ni maneno matupu. Tuseme timu yako inagharimu shilingi milioni 3 kwa mwezi, na mradi mmoja huchukua miezi mitatu. Wengi wataandika bei ya milioni 9 na kufurahi. Lakini kama baada ya kila mradi hupita mwezi mmoja mtupu, gharama yako halisi ni milioni 12, na bei isianzie chini ya hapo. Milioni 3 hizo ziweke kwenye akaunti ya peke yake tangu malipo ya kwanza yanapoingia, usizichanganye na bando wala kodi ya nyumba. Halafu kila mkataba uwe na kipengele cha matunzo: mteja analipa kiasi kidogo kila mwezi, ninyi mnarekebisha hitilafu na kuhakikisha nakala za data zinahifadhiwa. Wateja watatu wa namna hiyo wanaweza kubeba sehemu nzuri ya mwezi mtupu.

Kuhusu wiki yenyewe, usiwabunie kazi. Kazi za kweli zipo, zilizoachwa wakati wa haraka. Siku mbili za mwanzo zitoe kwa mradi uliokwisha. Tuma vijana wawili kwenye lile duka la dawa wakae karibu na muuzaji, wamtazame anavyotumia mfumo wateja wakiwa wamejaa mbele yake. Wataona kitufe asichokigusa kabisa, na daftari ambalo bado analiandika pembeni kwa sababu mfumo haumpi anachotaka. Orodha watakayorudi nayo ndiyo pendekezo lako la kazi inayofuata. Wengine waandike maelezo ya mfumo, ili hata aliyeujenga akisafiri, mwenzake aweze kuufungua na kuuelewa.

Siku mbili zinazofuata ni za kujifunza, wawili wawili, mwenye uzoefu na mchanga kwenye laptopu moja, na mchanga ndiye anayeandika. Wachague jambo moja ambalo mradi ujao utalihitaji, kama malipo kwa simu au usalama wa taarifa za wagonjwa. Tena msijifungie wenyewe. Pale Mbarara, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kina kitivo cha kompyuta, na CAMTech Uganda iliyopo chuoni hapo huwakutanisha wahandisi na matabibu kutafuta suluhisho za afya. Nakivale kuna Opportunigee, iliyoanzishwa na wakimbizi wenyewe kuwasaidia vijana kugeuza mawazo kuwa shughuli. Nendeni mkasikilize watu wana shida gani.

Ijumaa kila jozi isimame ionyeshe ilichofanya, hata kama hakijakamilika. Mtu akijua ataonyesha Ijumaa, Jumanne yake inakuwa na maana.

Umeme na intaneti visiwe sababu ya kukaa bure. Git imetengenezwa ili mtu ahifadhi kazi kwenye mashine yake, kisha aisukume kwa wenzake mtandao ukirudi. Kiwix inasoma Wikipedia na maktaba nyingine bila bando. Mnakumbuka Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchi nzima kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi. Pakueni mnavyovihitaji mkiwa Mbarara kwenye mtandao mzuri, mvipeleke Base Camp kwenye diski, kila mmoja awe na nakala.

Na wapumzike. Aliyefanya kazi usiku wiki tatu kukimbiza tarehe ya mteja ana haki ya siku kadhaa za kulala bila kuona haya. Wengine wana vipande vya shamba, na mvua za Machi au Septemba hazimsubiri mtu. Mwezi mtupu ukiangukia msimu wa kupanda, mwenye shamba mpe ruhusa ya wazi aende kulima. Atarudi na amani, wala hatalazimika kukuambia mtoto anaumwa.

Wale wawili wanaotafuta kazi kwa siri, usiwawinde. Waite, wape kanuni iliyo wazi kwa wote: kibarua cha pembeni kinaruhusiwa katika kipindi hiki, mradi kisimhusu mteja wenu na kitajwe mapema. Ukiruhusu waziwazi, hawatakuwa na cha kuficha.

Lipo moja nalisema kwa msisitizo. Fedha zikipungua, usianze kuwapunguza wa Nakivale kwa kudhani hawana pa kulalamikia. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inatambua haki yao ya kufanya kazi. Mkataba wa maandishi alionao wa Mbarara, naye wa Nakivale awe nao. Mwezi mgumu ubebwe na wote kwa kipimo kimoja, wewe kiongozi ukiwa wa kwanza kupunguza mshahara wako.

Tarehe uliyowaahidi ikifika na mradi haujasainiwa, simama mbele yao kama ulivyosema. Atakayelazimika kuondoka mlipe stahiki zake zote, mwandikie barua inayotaja kazi alizofanya kwa majina, na mpigie simu mtu unayemjua anayetafuta mtengeneza programu. Siku kazi itakapokuja, huyo ndiye utakayemwita kwanza, naye atapokea simu yako.

Jumatatu iko karibu, mdogo wangu. Andika hesabu zako usiku wa Jumapili, ili asubuhi uwape tarehe.