Kujaribu Kwanza, Kuamua Baadaye

Mji wa Stockholm, nchini Uswidi, ulikuwa umesongwa na motokaa. Ilikusudiwa motokaa ziingiazo na zitokazo katikati ya mji zilipiwe ada, lakini wakazi wengi walikataa. Basi ada ikatozwa kwa majaribio tu, tangu tarehe 3 Januari hadi 31 Julai, 2006. Motokaa zikapungua kiasi cha moja katika kila tano. Ada ilipokoma, zikaongezeka tena. Mwezi wa Septemba wapiga kura wa mji huo, zaidi ya nusu, wakaikubali. Ikarudishwa Agosti 2007.

Hapa pana somo. Mpango wa mtaa ukibishaniwa, na ujaribiwe kwa muda uliotajwa, hesabu ifanywe kabla na baada, kisha wakazi waulizwe. Aliyejionea kwa macho yake huamua vema kuliko aliyeahidiwa.