BEI YA MASHINI NDOGO: TUHESABU VIZURI



Komite ya wanafunzi imeanza kukusanya mchango wa kununua laptopu ndogo au tableti kwa biblioteke yetu. Kila siku wakati wa mapumziko tunasikia neno moja: "Tukamate ile ya bei ya chini!" Sisi hatukatai. Lakini bei ya chini ni kitu cha kusoma, sawa vile tunasoma fizika.

Mwaka wa 2005 Nicholas Negroponte, profesa wa MIT kule Marekani, alitangaza laptopu ya watoto wa shule kwa dola 100. Mashini hiyo, XO-1, ilianza kutoka kiwandani mwaka wa 2007, na ilikuwa kazi nzuri kweli. Haikuwa na feni wala diski ya kuzunguka. Kila kitu kilitunzwa katika memori ya giga 1. Kioo chake, alichokibuni Bi Mary Lou Jepsen, kilisomeka hata juani, taa yake ikiwa imezimwa. Ilikula wati chache tu, na laptopu za kawaida za wakati ule zilikula 20 na zaidi.

Ila ile bei ya 100 haikuonekana. Ilitoka kwa dola 188 hivi. Juu ya nini? Kiwanda kinashusha bei kwa wingi: ukiagiza milioni, kila moja inashuka. Serikali nyingi zilizosema zitanunua hazikununua, na hesabu ikabadilika. Mwaka ule ule kampuni ya Asus ya Taiwan ilitangaza Eee PC kwa dola 199. Ilipofika dukani, ile ya giga 4 iliuzwa 399. Mnaona? Bei ya kutangaza na bei ya kulipa ni watoto wa baba mmoja, lakini hawalali nyumba moja.

India nayo ilijaribu. Mwezi wa Oktoba 2011 serikali yake ilitoa tableti Aakash: iliinunua kwa dola 50 hivi, mwanafunzi akaipata kwa 35 hivi, tofauti ikilipwa na serikali. Kioo chake kilitaka kukandamizwa, prosesa ilikwenda polepole, watu wakalalamika, na mwaka uliofuata ikabidi itoke Aakash 2 yenye nguvu zaidi. Basi tunajua wanakatia bei wapi: kwenye kioo, kwenye memori, kwenye betri. (Juu ya betri: zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima inachimbwa hapa kwetu Kongo, Kolwezi na kandokando yake. Inaondoka ikiwa mali ghafi, inarudi na bei ya dukani.)

Sasa tushike kalamu. Tuseme tuko na bamba la jua la wati 20, na jua kali la masaa 5. 20 × 5 = wati-saa 100. Tuondoe 30 za kupotea katika nyaya na betri, zinabaki 70. Kompyuta kubwa ya mezani, yenye kula wati 100 pamoja na kioo, itazimika baada ya dakika 42. Laptopu ndogo ya wati 10 itafanya masaa 7. Tableti ya wati 5, masaa 14! Mahali umeme unakatika kila jioni, wati nazo ni bei. Anayenunua kubwa ya zamani kwa pesa kidogo atalipa mafuta ya jenereta kila wiki.

Tena mashini si yote. Peru ilinunua XO zaidi ya 800,000. Uchunguzi wa mwaka wa 2012 katika shule 319 za huko haukuona kwamba wenye mashini walipita wenzao katika hesabu na lugha. Mashini zilifika, intaneti karibu haikuwako.

Wengine wanasema tungoje, bei itashuka tu. Haiko hivyo kila mara. Raspberry Pi ilitoka mwaka wa 2012 kwa dola 35, bila kioo wala klavye, na watu wakafikiri bei zitashuka daima. Mwaka wa 2025 ilipandishwa kwa sababu memori ilipanda, ikigombaniwa na mashini kubwa za akili ya bandia. Kinachoshuka kweli ni wati: prosesa za namna ya simu zimeingia hata katika laptopu za bei kali.

Kwa hiyo kabla ya komite kutoa pesa, muuzaji ajibu haya: Betri inabadilishwa, na betri mpya inapatikana mjini? Inachajiwa na waya wa simu ya kawaida? Inapokea vitabu kutoka kadi ya memori, bila intaneti? Kioo kikivunjika, nani anatengeneza, na kwa bei gani? Ile ya pili ndiyo ilitugawanya katika mkutano. Mwenye hesabu tofauti na hii yetu aiandike, aitie katika sanduku la biblioteke kabla ya Ijumaa.

Doyen wa wanafunzi, darasa la sita