Somo la Kikundi: Maua ya Kudumu kwa Nyuki Wetu

Katika somo hili tunataka kuzungumza juu ya kupanda maua. Tunajua kuna watakaocheka. Tulipotembelea kikundi kimoja hapa Butula, mzee mmoja alituuliza kama maua yanapikwa na mboga au yanapikwa peke yake. Tulicheka pamoja naye. Lakini mizinga miwili ya kikundi hicho ilikuwa mitupu, na bado walikuwa wanalipa deni la mbao. Hapo ndipo somo hili lilipoanzia.

Mzinga hauleti asali. Mnaweza kutengeneza mzinga wa vipande vya juu, ule uliobuniwa hapa Kenya mwaka wa 1971, na kila kipande kikawa na upana wake sawasawa wa milimita 32, na nyuki wasikae. Nyuki anataka chakula karibu. Sasa angalieni mashamba yetu: mahindi, mihogo, miwa. Mahindi humpa nyuki ule unga wa njano tu, hayana maji matamu ya kutengeneza asali. Miwa hukatwa iende zake. Kuanzia Desemba mpaka Februari, jua likiwa kali na vichaka vimefyekwa, nyuki hukosa cha kula, wakafunga safari. Watu husema wamerogwa. Hawakurogwa, wana njaa.

Huko Marekani ya Kaskazini watu hupanda ua liitwalo Monarda, ambalo jina lake la kawaida kwao lina maana ya zeri ya nyuki. Likipandwa mara moja huota tena mwaka baada ya mwaka. Wenyeji wa zamani wa huko walikunywa majani yake kama chai. Ni zuri, lakini limezoea nchi ya baridi kali, na mahali penye unyevunyevu hushikwa na ukungu mweupe kwenye majani. Kwa hivyo msitume pesa kwa mtu yeyote awaagizie mbegu yake. Sisi tunaye ndugu yake hapa nyumbani.

Ndugu huyo ni mrihani wa kafuri. Wataalamu humwita Ocimum kilimandscharicum, yaani wa Kilimanjaro, kwa maandishi ya Kijerumani cha zamani. Ni kichaka cha kimo cha mtu au pungufu, majani yana manyoya laini, na maua madogo meupeupe hupangana kwenye mshikio mrefu. Ukisugua jani, harufu inapanda puani kama dawa ya kifua. Njia nyingine ya kumtambua: zungusha shina changa kati ya vidole. Utasikia pembe nne. Mnanaa uko hivyo, Monarda iko hivyo, wote ni ukoo mmoja. Lakini wako wengi wa ukoo huo vichakani, kwa hivyo anayekwenda kutafuta mbegu aende na mtu anayeujua, au amwonyeshe afisa wa kilimo kwanza.

Mbegu zake ni ndogo sana, ndogo kuliko za wimbi. Changanyeni na mchanga mkavu ndipo mzitawanye kitaluni, la sivyo zote zitaanguka mahali pamoja. Msizifukie. Zigandamizeni tu kwa kiganja, mtandaze nyasi kidogo juu, mnyunyize maji kwa mkono na si kwa kumwaga na jerikeni. Kitalu kiwe tayari mwezi wa pili, ili miche iingie shambani mvua ndefu ikishakolea. Asiye na mbegu akate vijiti vya urefu wa shubiri moja kutoka tawi ambalo si changa sana wala si gumu, aondoe majani ya chini, avichomeke kivulini kwenye udongo wenye unyevu. Sisi tunapenda vijiti zaidi, maana miche hufanana na mama yake.

Shambani wekeni mita moja kati ya shimo na shimo. Udongo wetu mwingi ni wa mchanga na murram, haushiki maji, kwa hivyo kila shimo lipate koleo moja la samadi iliyooza. Mahali maji yanaposimama msipande kabisa. Palizi ya kwanza na ya pili ndiyo kazi. Baadaye kichaka chenyewe kinafunika magugu.

Sasa kosa letu. Kichaka kilipojaa tulifurahi, tukaingia na panga tukakata yote siku moja tukaushe majani. Wiki hiyo hiyo hapakuwa na ua hata moja, na nyuki waliokuwa wameanza kujenga wakaondoka. Kateni mstari mmoja, muuache mwingine uchanue. Mstari uliokatwa ukirudi na maua, ndipo mkate ule wa pili. Acheni shina la kama futi moja kutoka chini, lenye macho ya kuchipua, na msikate kiangazi kimekaza. Tena yule anayepiga dawa kwenye nyanya jirani, ongeeni naye apige jioni nyuki wakiwa wamelala. Mizinga nayo ikae mbali na njia ya watoto wa shule na ng'ombe waliofungwa. Nyuki wetu si wa mchezo.

Jambo linalofuata ni zito, na tunaomba lisomwe wanaume wakiwepo. Mmea wa kudumu si sukuma wiki. Kwetu mtu akipanda kitu kinachokaa miaka, watu wanaona kama anaweka mpaka. Tulikuwa na mwanachama mjane aliyejitolea pembe ya shamba lake kwa kikundi. Miche ilipofika magotini, shemeji zake waliing'oa yote usiku. Walisema huyu mama anatupimia shamba la ndugu yetu. Hakuna aliyewaeleza, na sisi tuliokuja na miche hatukuuliza. Aibu ilikuwa yetu, hasara ikawa yake. Sheria ya Urithi inampa mjane haki ya kukaa na kulitumia shamba la marehemu mumewe, na ni vizuri kila mjane alijue hilo. Lakini sheria iko mbali usiku huo. Siku hizi kabla ya shimo la kwanza tunaita mashemeji na liguru, tunakunywa chai, tunaandika karatasi: vichaka ni vya kikundi, ardhi ni ya mwenyewe, kwa miaka kadhaa, na wote wanaweka sahihi. Mjane yule alipanda tena mwaka uliofuata. Shemeji mkubwa ndiye aliyechimba mashimo.

Majani yana kazi pia. Yakaushwe kivulini, maana jua hupeperusha ile harufu ambayo ndiyo nguvu yenyewe. Yakisagwa na kuchanganywa na maharagwe au mahindi makavu husaidia kufukuza wadudu wa ghala, ingawa gunia lililoingia na unyevu hayataliokoa. Watafiti walijaribu mmea huu kando ya Ziwa Victoria wakaona mbu wanapungua nyumbani majani yanapofukizwa. Kupungua si kuisha. Chandarua kibaki pale pale, na mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa malaria. Kafuri ni sumu ikimezwa. Msimpe mtoto mafuta yake anywe, wala msimpake mtoto mchanga puani.

Na soko? Kule Kakamega, karibu na msitu, kiko kikundi cha Muliru Farmers Conservation Group. Walianza kulima mmea huu ili watu wasiendelee kuuharibu msitu, na kwa msaada wa watafiti wa icipe wakapata mtambo wa kukamua mafuta kwa mvuke na kutengeneza zeri ya kujipaka iitwayo Naturub. Mwaka wa 2010 walipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Tunawapongeza. Lakini tambueni kwamba zeri hiyo ilipitia uchunguzi na kuandikishwa na serikali kama dawa. Mkichemsha yenu kwa sufuria na kuiuza sokoni Bumala kama dawa, mnavunja sheria. Majani ni mengi sana na mafuta yanayotoka ni machache, na kuni zinaliwa. Bila mnunuzi anayejulikana, aliyekuja akaliona shamba, msipande ekari nzima. Si tunakumbuka kware wa 2013 na 2014? Waliopata ni wale wa mwanzo waliouza mayai kwa wenzao.

Anzeni na mistari miwili karibu na mizinga, kama vichaka ishirini. Mishikio ikigeuka rangi ya kahawia, ikateni asubuhi kabla upepo haujaanza, muifunge kwenye mfuko wa karatasi na kuitundika chini ya paa. Baada ya wiki moja tikiseni mfuko. Mbegu zitashuka zenyewe, na zinatosha kitalu chenu na cha kikundi jirani.